Kuchungulia Si Kufungua

Ofisini walimwita Nyundo, na jina hilo hakupewa bure. Enzi za mashine za taipu alikuwa akigonga herufi kwa nguvu hadi nukta zikatoboa karatasi, na kila alipoandika herufi o, kiduara kidogo cha karatasi kilidondoka mezani. Kompyuta zilipoingia watu walidhani atapunguza mkono. Wapi. Aliua kibodi moja baada ya nyingine, na wakili, yule mama aliyemwajiri, akajifunza kununua zile za bei ya chini na kuziweka akiba kabatini. Tarishi alikuwa na msemo wake: ukitaka kujua kesi ina uzito gani, simama koridoni usikilize Nyundo anavyoiandika.

Wateja walicheka, naye aliwaacha wacheke. Mikono ile ilikuwa imeanza kazi mapema kuliko walivyofikiri.

Nyumbani kwao baba alikuwa mtu wa mkanda. Hakuwa mlevi, wala hakukosa kazi. Alipiga watoto kama wengine wanavyopiga miayo. Siku moja mdogo wake Nyundo, ambaye bado alikuwa akiyakata maneno nusu nusu, alivuta waya wa redio ya baba, redio ikaanguka kutoka juu ya kabati na kupasuka. Baba alipoingia na kuuliza nani kafanya hivi, Nyundo alisema "mimi" kabla mtoto hajafungua mdomo. Alipigwa mpaka chuma cha mkanda kikamchana begani, na mdogo wake yuko chini ya kitanda anasikia kila pigo. Kesho yake asubuhi mtoto alimsogelea akamuuliza, "Dada, unaumia?"

"Wala," alisema Nyundo.

Uongo mtupu. Lakini aliona jinsi uso wa yule mtoto ulivyotulia, akaupenda uongo ule, akakaa nao ukubwani.

Aliolewa mara moja tu. Mume naye alikuwa na mkono, na siku moja akazibeba hasira zake mpaka ofisini, akamzaba Nyundo kofi mbele ya wateja kwa kosa la kuchelewa kurudi jana yake. Ilikuwepo pale mezani stepla kubwa ya chuma, ya kubania majalada mazito, ambayo mtu dhaifu huinyanyua kwa mikono miwili. Nyundo aliinyanyua kwa mmoja. Mume aliondoka ameshika meno yake kiganjani, na ndoa ikaishia hapo hapo, bila kikao wala suluhu. Wakili alimletea maji akamuuliza kama shavu linauma. Nyundo akasema wala.

Tangu siku ile alikuwa na imani moja, na aliishika kama dini. Adui unayemwona ni nusu ya adui. Atakuja, atanyanyua mkono, na wewe utakuwa umeshauona.

Basi, mdogo wake akaja kuolewa na fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mageti na madirisha. Nje mcheshi, majirani wanammwagia sifa. Ndani alikuwa baba yao aliyefufuka, ila huyu alikuwa na moto. Nyundo aligundua siku walipokwenda kwenye msiba, mdogo wake akawa anasimama tu hataki kukaa. Alimvuta chooni, akamfunua nguo, akakuta paja limechorwa mistari ya chuma cha moto. Hakulia. Alimshushia nguo taratibu, akamwambia, "Leo hurudi kwa yule."

Ukoo ukakaa. Ikaamuliwa mke abaki kwenye nyumba, mume atoke. Mchomeleaji alikubali kwa unyenyekevu, akarudisha ufunguo mbele ya wajomba kwa mikono miwili, hadi mjomba mmoja akasema kijana huyu pamoja na yote ana adabu. Adabu gani. Mtu wa vyuma, kuchonga ufunguo wa pili kwake ni kama kupiga chafya. Wiki haikuisha, mdogo wake Nyundo akatoka kuoga akamkuta ameketi jikoni ametulia kama mgeni aliyealikwa. Siku ile alimvunja mkono na mbavu.

Ndipo Nyundo alipoliingilia jambo mwenyewe, na wajomba akawaweka kando. Alitafuta chumba kule nyuma ya duka la matairi, ghorofani, chenye geti la chuma chini ya ngazi. Geti halikuwa na kitasa. Lilikuwa na komeo la ndani tu, nene, na hata mchomeleaji angehitaji mitambo na makelele ya nusu siku kulikata. "Hapa hakuna ufunguo wa kuchonga," alimwambia mdogo wake. "Anafungua aliye ndani, basi. Na wewe humfungulii mtu isipokuwa mimi." Wakili akafungua kesi ya talaka na ya ulinzi. Mahali penyewe hakuambiwa mtu, hata mama yao mzazi.

Simu waliziogopa, kwa sababu shemeji alishawahi kuweka kidudu kwenye simu ya mkewe akawa anasikia kila neno. Kwa hiyo Nyundo alimnunulia mdogo wake simu nyingine, na wakawa wanaandikiana kwa barua pepe tu, Nyundo akiwa kwenye kompyuta ya ofisi. Alikuwa na uhakika nayo. Ofisini kwa wakili, alisema, mchomeleaji haingii.

Sasa ni lazima niseme kuhusu ofisi ile, maana hapa ndipo mambo yalipokwenda mrama. Ukutani, juu ya mashine ya kuchapisha, palibandikwa onyo ambalo wakili alilileta kutoka semina: KIAMBATISHO USICHOKIJUA USIKIFUNGUE. Nyundo aliliheshimu kuliko mtu yeyote. Akiona tarishi anakaribia kubofya faili la ajabu alimchapa kidole. Ila programu ya barua pepe ilikuwa na kidirisha pembeni, ukigusa kiambatisho kinakuonyesha ukurasa wa kwanza bila kukifungua. Hapo Nyundo aliona amepewa ufumbuzi. Kila kilichoingia alikichungulia kwanza, kisha akaamua. "Kuchungulia si kufungua," aliwaambia wenzake. "Ukimchungulia jirani dirishani, umeingia kwake?" Wakacheka, wakakubali, wakili naye akakubali, ikawa ndiyo desturi ya ofisi.

Na programu yenyewe ya kuandikia ilikuwa kuukuu. Iliwahi kusasishwa mara moja, pambizo za hati zote zikahama, masjala ya mahakama ikayarudisha makaratasi, na mteja mmoja akapoteza shamba lake kwa kuchelewa. Wakili aliapa hataki tena kusikia habari za masasisho. Kila asubuhi kiboksi kilitokea pembeni kuuliza, na kila asubuhi Nyundo alibofya "Baadaye", kama mtu anayeitikia salamu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wahenga hawakuwahi kurudishiwa majalada na masjala.

Barua ile iliingia asubuhi ya kazi nyingi. Ilijidai inatoka kwa wakili wa mchomeleaji, ikiwa na kiambatisho cha majibu ya madai. Jina la wakili huyo Nyundo hakulijua. Hakufungua. Akachungulia. Ukurasa ulikuja nusu, ukajaa viboksi na herufi zisizosomeka, kompyuta ikaganda, dirisha likapepesa, kisha kila kitu kikarudi kama kilivyokuwa. Nyundo aliipiga kompyuta kofi la ubavuni, akaifuta barua, akaendelea na kazi.

Hati ile hakuitengeneza mchomeleaji. Yeye hata barua ya kuomba tenda aliandikiwa. Aliipata kwa mtu mmoja wa kibandani, fundi simu anayeuza na mengine chini ya meza, ambaye naye aliinunua ikiwa tayari kwa watu asiowahi kuwaona. Kwa siku kadhaa baada ya hapo, mchomeleaji na fundi simu huyo walikaa kibandani wakisoma kila walichoandikiana dada na mdogo wake. Walisoma habari za matairi, za ngazi, za geti. Walijifunza hata namna Nyundo anavyoanza barua zake.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua la kuchoma. Nyundo alikwenda kugombana na mashine ya kuchapisha iliyokuwa imemeza karatasi, na aliporudi kitini alikuta jibu la mdogo wake.

"Sawa dada, nashuka."

Aliisoma tena. Hakuwa amemwandikia kitu tangu jana. Akashuka chini ya jibu lile, akakuta barua yenye jina lake, iliyotoka kwenye anwani yake, kwenye meza yake hiyo hiyo: "Mdogo wangu, niko hapa chini. Wakili anataka sahihi yako sasa hivi. Fungua geti, jua linaniua."

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Alipaza sauti, "Wakili, ita polisi, nyuma ya duka la matairi," akachukua stepla, akatoka nduki.

Watu wa mitaa ile wangali wanasimulia jinsi yule mama mnene alivyopita. Aliangusha meza ya muuza miwani hakugeuka. Gari lilifunga breki likamgusa paja, akalipiga boneti kwa stepla, akaendelea. Kichwani hakuwa na kitu ila neno moja, nashuka, nashuka, na kila hatua lilimchoma upya.

Geti lilikuwa wazi. Kandambili moja ya mdogo wake ilikuwa imebanwa chini yake. Ndani, pale kwenye ngazi ya kwanza, mchomeleaji alikuwa amemshika mkewe nywele, anambamiza uso kwenye nondo za geti, bila haraka, kama mtu anayejaribu kama kazi yake imeshika. Pembeni alikuwa ameegemeza kipande cha bomba la chuma. Mdogo wake alikuwa hapigi tena kelele.

Nyundo alinyanyua mkono. Stepla ilitua kwenye kiwiko cha mkono ulioshika nywele, na mfupa ukasikika. Mchomeleaji aliachia, akageuka, akamtambua. "Na wewe njoo," alisema, akachukua bomba kwa mkono mzima. Pigo la kwanza Nyundo alilikinga kwa mkono wa kulia, vidole vikavunjika juu ya stepla ambayo bado alikuwa ameishikilia. Pigo la pili lilimpata begani, pale pale penye kovu la mkanda. Alimwingia mwilini asiweze kuzungusha bomba, akamng'ata sikio, akalishikilia kwa meno wakati yule mtu anamgonga mgongo ukutani. Damu iliyojaa mdomoni hakujua ni ya nani. Stepla ikahamia mkono wa kushoto. Akampiga nayo taya, akampiga nayo pua, akampiga nayo alipoanguka.

Vijana wa matairi waliingia wakiwa wamesikia vurugu. Walimvika mchomeleaji tairi la lori hadi kwenye mikono, wakamkalia. Wawili walimshika Nyundo.

"Mama, inatosha. Utamuua."

"Kwani mnadhani nimekuja kufanya nini hapa?" alisema Nyundo, akanyanyua tena, na ilibidi wa tatu aje kusaidia kumshika.

Kisha akamwona mdogo wake anamtazama kwa jicho moja. La pili halikuwepo tena la kutazamia. Alipiga magoti, akamwinua kichwa, akakiweka pajani, na mdogo wake akasema kwa mdomo uliojaa damu, "Dada, si umeniita mwenyewe."



Fundi wa kompyuta aliletwa kesho yake. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusema na mashine kabla ya kusema na watu, akakaa kitini pa Nyundo muda mrefu. Nyundo alisimama nyuma yake, mkono umefungwa bandeji, uso umevimba. Wakili alikuwa dirishani.

"Ameingia kwa kupitia kile kiambatisho," fundi alisema hatimaye.

"Sikukifungua. Nilikichungulia tu."

"Mama yangu, kompyuta haiwezi kukuonyesha kilichomo bila yenyewe kukisoma. Wewe ulichungulia. Yenyewe ilifungua."

Nyundo aliinamia skrini. "Haya. Kuisoma ndiyo kuingiliwa? Mimi nasoma barua za washenzi kila siku."

Fundi alijikuna kichwa akitafuta maneno. "Kompyuta ina kumbukumbu, sawa? Ichukulie kama nyumba ya vyumba vya kupanga. Programu yenu ikisoma hati, inapanga chumba, inaweka vitu vyake, ikimaliza inakirudisha apewe mwingine. Sasa hii yenu ina kosa. Chumba inakirudisha, ila ufunguo wa zamani inabaki nao na inasahau kwamba ilishahama. Aliyetengeneza ile hati anajua hilo. Chumba kikiachwa tu, yeye anajaza mizigo yake humo. Programu inarudi na ule ufunguo, inakuta maagizo mezani, inadhani ni yake mwenyewe, inayafuata. Kuanzia hapo kompyuta ni ya kwake."

"Ufunguo uliorudishwa haukurudi," alisema Nyundo.

"Ndiyo hivyo."

"Kama shemeji."

Fundi hakujua shemeji ni nani, akaendelea. "Watengenezaji walishalirekebisha, zamani. Ungekubali apdeti, ile hati ingekuja ikagonga mwamba. Hiki kiboksi hapa ndicho kilikuwa kinakuuliza."

Kiboksi kilikuwepo, pembeni, kinasubiri jibu kwa adabu zake zote. Wakili aligeuka kutoka dirishani. "Mimi ndiye niliyekataza," alisema. "Hilo ni langu, usilibebe wewe."

Nyundo alimtazama wakili, akaitazama ile kompyuta, na hasira yote ikakosa pa kwenda. Maisha yake yote alikuwa amemwona adui akija. Huyu alipita mezani kwake, chini ya macho yake, kwenye kidirisha alichokisifia mwenyewe, na yeye akampiga kofi la mzaha akaendelea na kazi. Alinyanyua ngumi ya kushoto, akaipiga skrini katikati. Kioo kilipasuka, akapiga tena, na tena, mpaka ngumi ikachanika na wakili akamkumbatia kwa nyuma.

"Kioo hakina kosa, mama," alisema fundi kwa upole.

"Najua," alisema Nyundo. "Najua, najua."

Mchomeleaji alifungwa. Yule wa kibandani alihama kabla polisi hawajafika, na hadi leo hajaonekana. Ofisini waling'oa kidirisha cha kuchungulia, na kiboksi kikiuliza kinajibiwa papo hapo. Pambizo zikihama, wakili anakesha kuzirudisha mwenyewe. Vidole viwili vya Nyundo havikunji tena. Anaandika taratibu siku hizi, kwa mkono wa kushoto na vidole vilivyobaki, na aliye koridoni hasikii kitu.

Mdogo wake alihamia kwake. Nyundo aliweka komeo la ndani mlangoni, na kila jioni akitoka kazini anasimama nje ya nyumba yake mwenyewe kama mdai. Barua mdogo wake hasomi, ujumbe hafungui, na sauti ya mlangoni peke yake haimtoshi. Lazima amuulize jambo ambalo halijawahi kuandikwa popote. Mbuzi wa bibi alikuwa na rangi gani. Nani alikuwa anakojoa kitandani. Majirani wamezoea. Wapo wanaosema mama wa watu anateswa na huyu mgonjwa wake, na Nyundo akiwasikia anawatolea uvivu.

Juzi mvua ilimkuta pale nje. Aligonga, akasubiri, akasikia miguu ikija na kusimama nyuma ya mlango.

"Nani?"

"Mimi, dada yako."

"Hata yeye alisema hivyo."

Nyundo aliegemeza paji la uso kwenye ubao. Maji yalikuwa yanamwingia shingoni. "Uliza, mdogo wangu."

"Redio ya baba aliivunja nani?"

Hilo hawakuwahi kulitaja wao kwa wao, tangu utoto.

"Wewe," alisema Nyundo.

"Akapigwa nani?"

"Mimi."

Alidhani imetosha, akajiweka sawa aingie. Komeo halikusogea. Sauti iliyotoka ndani safari hii ilikuwa ndogo, karibu na ubao, chini kidogo, kana kwamba mtu amechuchumaa.

"Dada, uliumia?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni, lile lile moja alilomjibu kila aliyewahi kumuuliza. Alilimeza. Alianza kulia pale pale mlangoni, mtu mzima, majirani wakimwona.

"Niliumia sana," alisema. "Na sasa naumia sana."

Akasikia komeo likivutwa.